Mafuta ya mwilini yanazungumza na damu

(Mada iliyowasilishwa na muuguzi mstaafu mbele ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa kutoka Mbagala, Buza, Tandika na Tandale. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa.)

Mama Mwenyekiti, viongozi wa vikundi, akina mama, na akina baba wanne niliowahesabu huko nyuma.

Nilipopigiwa simu niliambiwa nije kuzungumzia lishe. Nadhani wengi wenu mlitegemea habari za watoto wenye utapiamlo, kama tulivyozoea katika semina zetu. Leo sitazungumzia watoto. Nitazungumzia sisi tuliokaa humu ndani, na nitaanza na mimi mwenyewe.

Mwaka 2009 nilikuwa na kilo 96. Nilikuwa bado kazini, navaa gauni jeupe, napima watu presha kila asubuhi na kuwashauri wapunguze chumvi. Nikienda kwetu kijijini napokelewa kwa vigelegele: "Jamani mwenzetu ana afya!" Mwaka huo nilianza kuamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Nikasema ni umri. Nikapata kidonda kidogo mguuni kisichotaka kupona. Nikaenda kituo kimoja cha afya, ambacho sitakitaja, na mhudumu aliniangalia juu hadi chini akasema, "Mama, wewe una afya nzuri, hicho ni kidonda cha kiatu." Hakupima sukari. Na mimi, muuguzi mzima, sikuomba kupimwa. Miezi mitano baadaye nilipopimwa kabla ya kula, mashine ilisoma 17. Mtu asiye na kisukari, akiwa hajala, huwa hazidi 6.

Mnaona Kiswahili chetu cha mjini kinavyotuponza? Mtu mnene tunasema ana afya. Amenawiri. Mjini kumemkubali. Aliyepungua tunamwuliza kwa sauti ya chini, "Vipi, unaumwa?" Wenye umri wangu mnajua hofu hiyo ilikotoka. Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulizika watu waliokonda hadi tukashindwa kuwatambua. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na kabla ya hapo kukonda kulikuwa sawa na kutangaziwa kifo mtaani. Nilimjua dada mmoja wa Temeke aliyekuwa anavaa sketi tatu, moja juu ya nyingine, ili majirani wasimseme. Basi mtu aliyeishi miaka ile ukimwambia leo apunguze kilo kumi, si kwamba ni mbishi. Anaogopa majirani.

Lakini mambo yamebadilika, na hesabu zinaonyesha. Watafiti wawili wa Muhimbili, Dk. Grace Shayo na Profesa Ferdinand Mugusi, walipima watu wazima 1,249 katika Manispaa ya Kinondoni kati ya Aprili 2007 na Aprili 2008, wakati huo Ubungo ikiwa bado ndani ya Kinondoni. Walitafuta wenye unene uliokithiri, ule ambao wataalamu wetu wa lishe wanauita kiribatumbo. Hesabu yake ni hii: unachukua uzito wako kwa kilo, unagawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe. Ukipata 30 au zaidi, umeingia. Mwanamke wa urefu wa mita 1.60 anaingia akifika kilo 77 hivi. Waliokuwa wameingia walikuwa 240. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 9. Kwa wanawake, asilimia 24.7. Hebu hesabuni safu hii ya mbele: mmoja, wawili, watatu, wanne. Mmoja kati ya wanne. Na huo ulikuwa mwaka 2008.

Wengine walikuwa wameangalia kumbukumbu za wajawazito zaidi ya elfu sabini waliohudhuria kliniki za Dar es Salaam. Mwaka 1995 wenye kiribatumbo walikuwa asilimia 3.6. Mwaka 2004, asilimia 9.1. Miaka tisa tu. Wazazi waliotuzaa hawakubadilika katika miaka tisa, kwa hiyo tusiseme ni asili ya ukoo.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe, na naomba mnivumilie maana lina majina ya kizungu.

Mimi nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba mafuta ya mwilini ni akiba. Kama gunia la mahindi stoo: unaweka wakati wa mavuno, unachota wakati wa njaa, na gunia lenyewe halina la kusema. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watu kwa miaka mingi, na nilikosea, ingawa hata vitabu vyangu vilikosea pamoja nami. Mafuta ya mwilini hayakai kimya. Yanatengeneza protini na kuzimwaga kwenye damu, na protini hizo zinakwenda kwenye ubongo, ini, misuli na mishipa kupeleka habari.

Kumbukeni hapa ninaposema protini sina maana ya nyama na maharage ya sahani. Hizo ukila tumbo linazivunjavunja. Nazungumzia protini ambazo mwili unazitengeneza wenyewe kuwa kama barua.

Barua ya kwanza iliyojulikana vizuri inaitwa leptini. Iligunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York, kwa kuchunguza panya wanene sana ambao walikuwa hawashibi. Ikaonekana panya wale wana hitilafu: mafuta yao hayatengenezi leptini. Kazi ya leptini ni kuuambia ubongo, "Akiba ipo, acha kula." Watu wakashangilia, wakadhani dawa ya unene imepatikana. Haikuwa hivyo. Isipokuwa watu wachache mno waliozaliwa na hitilafu kama ya wale panya, watu wanene wana leptini nyingi, tena nyingi kuliko wembamba. Barua zinaandikwa na zinafika. Ubongo ndio umechoka kuzisoma. Kwa hiyo ukimwona mama mnene bado ana njaa, usiwe mwepesi wa kusema ni mlafi. Ubongo wake unaweza kuwa unadhani akiba imekwisha.

Barua ya pili inaitwa adiponektini. Hii ni nzuri: inasaidia mwili kuisikiliza insulini, na inatuliza mishipa ya damu. Ajabu yake ni kwamba inatengenezwa na mafuta, lakini mafuta yakizidi inapungua.

Ya tatu ndiyo iliyonileta hapa. Inaitwa TNF. Ni protini ambayo askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, huitumia kupiga mbiu kukiwa na vita. Ukijikata kidole, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, panapata joto, panauma. Hiyo ni kazi ya askari, na ni kazi njema, maana ndiyo inayokuponya. Madaktari wanaiita inflamesheni, mimi nitaiita mwako. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman, huko Boston, waliikuta TNF mahali ambapo hawakuitegemea: ndani ya mafuta ya panya wanene. Hapakuwa na jeraha wala kidudu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, ikaonekana kwamba mafuta ya mtu mnene yameingiliwa na askari wengi wa aina ya makrofaji, wale walao uchafu na chembe zilizokufa.

Wanafuata nini humo? Fikirini chumba cha kupanga kule Tandale. Kimejengwa kwa ajili ya watu wawili, sasa wamelala saba. Hewa haitoshi. Chembe ya mafuta nayo inaweza kunenepa mara nyingi kuliko ilivyokuwa, na ikishazidi, damu haiifikii vizuri, inakosa hewa, inaanza kuumwa. Nyingine zinakufa. Chembe iliyobanwa inatoa protini za kuita msaada, askari wanakuja, wanaizunguka ile iliyokufa kama watu waliozunguka ajali ya bodaboda, na wao wenyewe wanaanza kutoa TNF na wenzake. Wenzake wanaita wengine. Hakuna anayesema vita imekwisha, kwa sababu kesho asubuhi kuna maandazi manne na chai ya sukari vijiko vitano, na chembe zinazidi kujazwa.

Huu mwako hauumi. Ndiyo hatari yake. Hauoni wekundu wala uvimbe. Ni moto wa pumba: juu majivu, ndani unakula taratibu.

Na unakula nini? Kwanza unaharibu kazi ya insulini. Insulini nayo ni protini, inatoka kwenye kongosho, na kazi yake ni kubisha hodi kwenye chembe za misuli ili sukari iingie. TNF inavuruga ile hodi ndani ya mlango: insulini inabisha, ndani hawasikii vizuri. Sukari inabaki barabarani, yaani kwenye damu. Kongosho linaona hivyo, linaongeza insulini, linaongeza tena, miaka mitano, miaka kumi, mpaka linachoka. Siku hiyo ndipo mashine inasoma 17. Pili, protini nyingine iitwayo intaliukini 6 inakwenda kwenye ini na kuliambia litengeneze CRP, ambayo hospitali wanaweza kuipima kwenye damu kama alama ya mwako. Tatu, mafuta yaliyokosa nafasi yanavuja na kwenda kukaa mahali pasipo pake, kwenye ini na kwenye misuli. Na mishipa ya damu inayopitishiwa habari za vita usiku na mchana inaanza kuwa migumu. Kiharusi na shambulio la moyo havikuja ghafla kama tunavyosema msibani.

Msinielewe vibaya. Si mwako peke yake unaoleta kisukari. Kuna kurithi, kuna umri. Na wanasayansi walipojaribu kuwapa watu wanene dawa za kuizuia TNF peke yake, insulini haikuanza kusikilizwa kama walivyotumaini. Barua ni nyingi, ukiichana moja nyingine zinafika. Nasema hivi kwa sababu najua kuna watu wanapita mitaani kwetu na vichupa vya "kusafisha mafuta". Waulizeni wanazuia barua gani.

Jambo jingine: mafuta ya mahali tofauti yana tabia tofauti. Ya kwenye nyonga na mapaja ni mapole zaidi. Ya ndani ya tumbo, yaliyozunguka utumbo, ndiyo makorofi, na damu itokayo huko inaingia moja kwa moja kwenye ini. Kwa hiyo akina baba wanne, mlipokuwa mnacheka nilipotaja asilimia 24.7 ya wanawake, mikanda yenu imekaa chini ya kitambi. Sitaki mtu asimame.

Mnaweza kusema haya ni ya panya na ya Wazungu. Basi twende Kilimanjaro. Watafiti wa huko, wakiongozwa na Dk. Godfrey Temba na Dk. Quirijn de Mast wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, mwaka 2021 walitoa matokeo ya Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Damu za watu wa mjini zilionekana kuwa na mwako zaidi, na sababu kubwa ilikuwa chakula. Watu wa vijijini walikuwa na viungo vya mimea vinavyotuliza askari.

Kisha wakafanya jambo ambalo mimi lilinigusa, matokeo yake yakatoka Aprili 2025. Walichukua wanaume 77. Waliozoea chakula cha asili wakapewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa Magharibi, vya kusindikwa na vyenye nguvu nyingi. Waliozoea chakula cha mjini wakapewa cha asili: mboga za majani, maharage, ndizi, nafaka. Wengine wakapewa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi uliochachushwa. Wiki mbili tu, na mbege wiki moja! Wale waliohamia chakula cha Magharibi, protini za mwako zikapanda, na askari wao wakawa wazito kupambana na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, alama za mwako zikashuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Hata wa mbege nao walipata nafuu, ila kabla sijaitwa ofisini kujieleza: sijasema tuanze kunywa mbege. Ulezi na ndizi vinapatikana bila kulewa.

Nina malalamiko yangu juu ya utafiti huo. Wote 77 walikuwa wanaume, na katika mji wetu wanaobeba mzigo huu zaidi ni wanawake. Natumaini wataturudia.

Na mji wenyewe unanenepesha. Kuna utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuata vijana na watu wazima 209 kutoka Morogoro Vijijini waliohamia hapa Dar es Salaam. Walipimwa kabla hawajahama, kisha wakapimwa tena. Baada ya miezi 12 walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo mbili, wanawake kwa wanaume. Kwa wanaume, waliokuwa wakifanya shughuli za kutumia nguvu walishuka kutoka karibu wanane kati ya kumi hadi kama robo tu. Hawakuwa wavivu. Walifika mahali ambapo jembe hakuna, na ambapo kusimama kwenye daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Posta saa mbili kunachosha kama kulima lakini hakuchomi mafuta.

Sasa Mama Mwenyekiti, nifike mahali ambapo huenda nikawaudhi. Kabla ya kuja nilimwomba katibu anionyeshe daftari la mikopo ya mwaka jana, bila majina. Nimeona mkopo wa jiko la chipsi. Mkopo wa friji ya soda. Mkopo wa unga wa ngano na mafuta ya maandazi. Mingi mno. Mikopo hiyo imelipwa vizuri, imesomesha watoto, na mimi si mtu wa kumwambia mama mjane afunge kibanda chake. Lakini tukubali kwamba fedha tunazozizungusha hapa, sehemu yake ndiyo inayowasha ule moto wa pumba kwa jirani zetu, kisha tunachangishana tena kwa ajili ya mguu wake uliokatwa. Mwaka juzi kikundi kimoja kilitoa rambirambi mara mbili kwa waliofariki kwa kisukari. Wote wawili walikuwa wanachama. Mmoja alikuwa muuza chipsi.

Nina maombi machache tu. Mama lishe, anzeni kupika dona siku mbili kwa wiki pembeni ya sembe, muone nani atanunua. Wekeni sahani ya matembele au mchicha kwanza, wali baadaye, na maharage yawe mengi. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi tangu Jumatatu yasifike Alhamisi. Chai itolewe bila sukari, na sukari iwe mezani, mtu ajitilie mwenyewe: mtashangaa kiasi kinachobaki kopoani. Uji wa ulezi unauzika asubuhi kama maandazi. Nimemwona dada pale Tandika anaumaliza kabla ya saa tatu.

Kwa wale mnaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, sitauliza ni akina nani. Dawa zinazotumika siku hizi zina dolutegravir, na imeonekana kwamba baadhi ya watu, hasa wanawake wa Afrika, wananenepa wakizitumia. Usiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Mweleze mhudumu wako, omba upimwe sukari na presha hapo hapo kliniki. Na wasichana wetu wanaonunua vidonge vya kunenepesha makalio na mashavu: baadhi ya vidonge hivyo ni deksamethasoni, dawa ya hospitali ya kutuliza mwako, lakini ikitumiwa ovyo inapandisha sukari na kulundika mafuta tumboni na shingoni. Anayetaka umbo anaishia na ugonjwa.

Mimi sasa nina kilo 81. Sijawa mwembamba, na siku hizi nikienda kijijini shangazi ananiita pembeni kuniuliza kama kuna kitu ninamficha. Nilitembea, nikaacha soda, nikapunguza wali wa usiku. Ilinichukua miaka mitatu, na mara mbili nilirudi nyuma. Daktari aliniambia hata kupungua sehemu moja kati ya kumi ya uzito wako kunapunguza ule mwako, na damu yangu imemkubalia, ingawa vidonge bado nameza. Kidonda kilipona. Kidole kimoja nilikipoteza.

Nimekuja na tepe ya fundi cherehani, hii hapa. Inazungushwa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi. Kipimo cha Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwa watu wa huku kwetu ni sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume. Ukizidi hapo, nenda kapime sukari wiki hii. Mashine ninayo pia na vijiti 40, kwa hiyo wasiokunywa chai bado waje kwanza. Mama Mwenyekiti, kabla ya maswali naomba mtu wa kunipima mimi mbele ya wote, na katibu aandike.